Vitamini zake ziko chini na mapafu yameshuka: je, nimwongezee dozi?

"Daktari, binti yangu ana miaka 15 na ana sistiki fibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi wa ute mzito, uligunduliwa akiwa mchanga. Anameza vimeng'enya vya kongosho pamoja na chakula, kidonge kimoja cha vitamini kila siku, na anavuta mvuke wa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Mwezi uliopita kifua kilimshika kwa wiki mbili. Katika wiki hizo alipimwa damu: vitamini A iko chini, vitamini D ni nanogramu 17, E iko ndani ya kiwango. Kipimo cha mapafu cha kupuliza, ambacho mwaka mzima kilikuwa asilimia 86, sasa ni 77. Ndugu yetu amemletea chupa ya vitamini A ya nguvu nyingi, anasema akimeza mara tatu kwa siku mapafu yatarudi. Nami nimesoma kwamba vijana wenye vitamini za kutosha ndio wenye mapafu mazuri. Nimpe? Tangu mwaka jana nimemwachia dawa zake azisimamie mwenyewe, na usiku silali nikijiuliza kama mimi ndiye niliyemharibia mapafu."

Mama, naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, hukumharibia mapafu. Mtoto wa miaka 15 lazima aanze kujifunza kushika dawa zake mwenyewe, na uliyefanya hivyo ni mzazi anayejua kwamba siku moja binti ataishi mbali naye. Jambo hilo nitalirudia, kwa sababu lina mchango wake, lakini si kwa namna unayoiogopa.

Chupa ya ndugu yenu iweke kando, usimpe. Na katika barua yako yote, kinachonishtua si vitamini A. Ni ule mteremko wa 86 hadi 77. Ameshuka zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uwezo aliokuwa nao, na ameshuka baada ya kuugua kifua. Hilo halisubiri miadi ya miezi mitatu ijayo. Kama bado hajarudi kliniki tangu kipimo hicho, mpeleke wiki hii. Wakati mwingine mapafu yanayoshuka baada ya maambukizi hurudi yalipokuwa, na wakati mwingine hayarudi yote. Kinachoamua, kwa sehemu kubwa, ni kama tiba ilianza mapema na ikapewa muda wa kutosha.

Sasa tuje kwenye vitamini, maana wazo la ndugu yenu si la kijinga hata kidogo. Madaktari wakubwa waliliamini kabla yake. Mwaka 1938, daktari Dorothy Andersen wa New York alipoueleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kama ugonjwa unaojitegemea, aliona katika miili ya watoto waliofariki mambo mawili pamoja: kongosho lililojaa makovu na dalili za upungufu mkubwa wa vitamini A, hata kwenye ngozi laini ya njia za hewa. Ilikuwa rahisi kuunganisha: kongosho limeharibika, mafuta hayasagwi, vitamini A haiingii mwilini, kwa hiyo mapafu yanaoza. Miaka ikapita kabla haijaeleweka kwamba mnyororo huo una pete moja ya uongo. Mapafu hayakuwa yakisubiri vitamini iishe ndipo yaugue. Yalikuwa yanaugua kwa sababu zao.

Sababu yenyewe ni hii. Seli zinazotanda ndani ya njia za hewa, ndani ya mirija ya kongosho, kwenye ini, utumbo na tezi za jasho, zote hutumia mlango mmoja mdogo wa kupitisha kloridi, yaani sehemu ya chumvi, na bikaboneti. Mlango huo ni protini iitwayo CFTR, na jeni yake iligunduliwa mwaka 1989. Ukiharibika, maji hayafuati chumvi inavyopaswa, na ute unakuwa mzito. Kwenye mapafu ute huo hunata, bakteria hujenga makazi, mwili huja kupigana nao, na vita hivyo visivyokwisha ndivyo vinavyokwangua kuta za njia za hewa mwaka hadi mwaka. Kwenye kongosho, ute uleule huziba mirija tangu mtoto yuko tumboni, na vimeng'enya vya kusaga mafuta haviufikii utumbo. Kiasi cha wagonjwa 85 hadi 90 katika kila 100 wako katika hali hiyo.

Vitamini nne, yaani A, D, E na K, husafiri ndani ya mafuta. Mafuta yasiposagwa hutoka na choo, na vitamini hizo hutoka nayo. Nyongo nayo haisaidii inavyotakiwa, kwa sababu utumbo wa juu unabaki na asidi nyingi mno, na ndani ya asidi hiyo chumvi za nyongo hazifanyi kazi vizuri. Hata vile vidonge vya vimeng'enya anavyomeza binti yako vimefunikwa ganda linaloyeyuka asidi ikishapungua. Asidi ikikawia kupungua, vimeng'enya hufunguka mbele zaidi ya utumbo, chakula kikiwa kimeshapita.

Kwa hiyo mapafu yanayoshuka na vitamini zinazoshuka ni ndugu wa mama mmoja. Ukiwaona wanatembea pamoja, usiseme mmoja amemzaa mwenzake. Ulichosoma, kwamba vijana wenye vitamini za kutosha wana mapafu mazuri, ni kweli kama maelezo ya kinachoonekana. Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa zimeonyesha hivyo zaidi ya mara moja, hasa kwa A, D na E. Lakini fikiria ni kijana gani mwenye vitamini za kutosha: ni yule anayemeza vimeng'enya kila mlo, anayeongezeka uzito, asiyeugua mara kwa mara, na mara nyingi ni yule yule anayefanya mazoezi ya kutoa makohozi bila kusukumwa. Vitamini yake ni alama ya mambo hayo yote.

Kuna mtego mwingine, na ndio ninaodhani umewanasa ninyi. Damu ilichukuliwa kifua kikiwa kimemshika. Vitamini A huhifadhiwa kwenye ini, na ikitoka hapo haisafiri peke yake, hubebwa na protini maalumu ambayo ini lenyewe huitengeneza. Maambukizi makali yakiingia, ini huacha kwa muda kutengeneza protini hiyo kwa wingi, lina kazi nyingine za dharura. Damu ikipimwa siku hizo, vitamini A inaonekana chini hata kama akiba imejaa. Ni kama kuhesabu mizigo iliyo barabarani siku magari yamesimama, ukatoa hukumu kwamba ghala ni tupu. Upungufu wa madini ya zinki unaweza kuleta picha hiyohiyo. Ndiyo maana tunapendelea kupima kijana akiwa mzima, na ikilazimika kupima akiwa mgonjwa, tunapima pamoja na alama za uvimbe katika damu ili tujue ni kiasi gani cha kuamini. Kwa binti yako, ningerudia kipimo cha vitamini A wiki kadhaa baada ya kifua kutulia kabisa, kabla ya kumwongezea hata tone.

Vitamini E nayo ina kasoro ya kipimo, ingawa ni nyingine: inabebwa na mafuta ya damu, kwa hiyo inafaa isomwe kwa kulinganishwa na kolesteroli. "Ndani ya kiwango" peke yake haitoshi kunituliza wala kunitisha. Vitamini D hutikiswa kidogo na ugonjwa, lakini nanogramu 17 kwa mililita ni chini kwa mizani yoyote. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2012 unataka angalau 30 kwa wagonjwa wa sistiki fibrosisi, wa Ulaya unaridhika na 20. Huo ni upungufu wa kweli na unapaswa kutibiwa.

Utibiwe, lakini kwa matarajio sahihi. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2019 ambalo nalipenda kwa sababu lilijibu swali lenu karibu neno kwa neno. Watu wazima wenye ugonjwa huu waliolazwa kwa kifua walipewa, kwa bahati nasibu, ama vitamini D dozi moja kubwa ya yuniti 250,000 kisha dozi za kuendeleza, ama dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani kwa ajili ya kulinganisha. Vitamini D katika damu ilipanda vizuri. Mapafu hayakupata nafuu kuliko ya wale wa dawa bandia, wala kurudi kwa maambukizi hakukucheleweshwa. Namba ya maabara ilipona, mgonjwa akabaki alipokuwa.

Ili nisionekane nimelipendelea upande mmoja, kuna jaribio jingine la mwaka 2018 kwa wagonjwa kuanzia miaka 10. Kwa wiki 16 kundi moja lilipata vidonge vya vitamini vilivyoongezwa viini vya kuzuia uoksidishaji, yaani vinavyokinga seli zisiharibiwe, kundi jingine vidonge vya kawaida. Alama kuu ya uvimbe kwenye makohozi haikubadilika na kipimo cha kupuliza hakikutofautiana, ila waliopata viini vya ziada walichelewa kidogo kuugua kifua tena. Hiyo ni habari njema ndogo, na ninaichukua kama habari njema ndogo. Lakini angalia: makundi yote mawili yalikuwa tayari yanapata vitamini A, D, E na K. Na halikuwa jaribio la vitamini A mara tatu kwa siku.

Je, basi vitamini hazihusiani na mapafu hata kidogo? Zinahusiana, ila kwa njia za pembeni ambazo watu huzisahau. Vitamini D ikikosekana miaka mingi, mifupa huwa mepesi, na kijana anayekohoa kila siku anaweza kuvunjika ubavu kwa kukohoa tu. Mwenye ubavu uliovunjika hakohoi, maumivu hayamruhusu. Makohozi yanabaki ndani, na sasa mapafu yameshuka kwa sababu ya mfupa. Vitamini K ikipungua, damu haigandi vizuri, na mtu mwenye mapafu yenye makovu anaweza kukohoa damu nyingi kuliko ambavyo angekohoa. Tena antibayotiki za muda mrefu huwaua bakteria wa utumbo ambao hutengeneza sehemu ya vitamini K, kwa hiyo wagonjwa wanaohitaji dawa nyingi ndio wanaoipoteza zaidi. Sikuona K kwenye majibu yake. Uliza. Na vitamini A yenyewe, ikiisha kweli kweli, ule utando wenye vinyweleo unaosukuma uchafu nje ya njia za hewa hugeuka kuwa mgumu kama ngozi ya nje, usiofagia chochote. Alichokiona Andersen kilikuwapo. Ni kwamba leo, mtoto anayepata vimeng'enya na vitamini, ni nadra kufika huko.

Kwa hiyo sikuambii upungufu si kitu. Nakuambia kujaza upungufu ni jambo moja, na kupita kiwango ukitafuta mapafu ni jambo jingine ambalo halina ushahidi na lina hatari.

Hatari hiyo niieleze, kwa sababu chupa iko nyumbani. Vitamini C ikizidi, nyingi hutoka na mkojo. Vitamini A ikizidi haina pa kutokea, inarundikana kwenye ini. Kwa vijana wa umri wa binti yako wasio na ugonjwa huu, kikomo cha usalama ni mikrogramu 2,800 za retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari kutumika, kwa siku. Wagonjwa wa sistiki fibrosisi hupewa wakati mwingine zaidi ya hapo, lakini mtu anapima na kufuatilia. Soma kibandiko cha chupa: kama ni retinoli, hiyo ndiyo inayorundikana, kama ni beta-karotini, mwili huigeuza kwa kiasi unachohitaji na hatari ni ndogo zaidi. Retinoli ikizidi huleta maumivu ya kichwa, kutapika, kuona mbili mbili au ukungu, midomo kupasuka, nywele kudondoka, mifupa kuuma, na ini kuharibika polepole. Maumivu ya kichwa yenyewe yanatokana na shinikizo kupanda ndani ya fuvu, na shinikizo hilo linaweza kuumiza mshipa wa fahamu wa macho.

Kuna maswali mawili hapa ambayo hukuyagusa, na ningeyauliza ana kwa ana. La kwanza: je, anatumia dawa ya chunusi? Umri wake ndio huo. Isotretinoini ni jamaa wa karibu wa vitamini A, na doksisaiklini, antibayotiki ya chunusi ambayo hutumika pia kwa kifua, huweza kupandisha shinikizo lilelile la kichwani. Ukiweka juu yake vitamini A nyingi, umerundika moto juu ya moto. Mabinti wengi hupata dawa hizi kwa daktari wa ngozi au hata kwa rafiki, na mama hajui.

La pili: je, ameanza zile dawa mpya zinazorekebisha CFTR yenyewe? Ya kwanza, ivakaftori, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012, na mchanganyiko wa dawa tatu ulifuata mwaka 2019. Zinainua mapafu kwa kiwango ambacho hakuna vitamini iliyowahi kukifikia. Lakini zinabadili pia utumbo, na vitamini A katika damu hupanda kwa wengi, hata kama wanaendelea na dozi ileile ya zamani. Wapo waliopata shinikizo la kichwa namna hiyo. Akianza dawa hizi, vitamini zake zipimwe tena baada ya miezi mitatu hivi, na pengine dozi ipunguzwe. Na kwa binti kuna jambo jingine la kusema waziwazi: dawa hizi huweza kuongeza uwezo wa kushika mimba, na retinoli nyingi mwanzoni mwa mimba hudhuru mtoto.

Basi tutafute nini kilichoshusha mapafu. Cha kwanza ni makohozi kupelekwa maabara, kuona kama kuna mgeni, hasa bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, ambaye akikamatwa mapema anaweza kufukuzwa na akizoea mapafu ni vigumu kumtoa. Cha pili, sukari. Kongosho lilelile lenye makovu hushindwa kutengeneza insulini ya kutosha, na kisukari cha ugonjwa huu hujificha: kijana hana kiu, hakojoi sana, anapungua uzito tu na mapafu yanashuka. Kuanzia miaka 10 kipimo cha kunywa glukosi hufanywa kila mwaka. Kama chake kimepita mwaka, kifanywe sasa. Cha tatu, uzito. Hapa ndipo penye uhusiano wenye nguvu kati ya lishe na mapafu, kuliko vitamini yoyote moja: vijana ambao uzito wao kwa urefu unafika katikati ya rika lao au zaidi, kwa ujumla hupuliza vizuri zaidi. Hukuniambia uzito wake. Kwangu ungekuwa swali la kwanza.

Na uzito, vitamini A na vitamini D, vyote vinapita kwenye mlango uleule wa vimeng'enya. Muulize, bila kumshutumu, anavimeza lini. Vinapaswa kuingia mwanzoni mwa mlo, na mlo mrefu ukihitaji vingine katikati, na hata kwenye vitafunio vyenye mafuta. Havitafunwi. Haviachwi kwenye joto, hupoteza nguvu. Choo kikiwa na mafuta, kikielea, kikinuka kupita kawaida, au tumbo likijaa gesi na kusokota, dozi haitoshi au haifiki. Msiipandishe wenyewe, maana kuna kikomo cha yuniti 10,000 za lipesi, kimeng'enya cha kusaga mafuta, kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kukipita kumewahi kuleta makovu ya utumbo mpana. Kidonge cha vitamini nacho kimezwe pamoja na mlo wenye mafuta na vimeng'enya vyake. Nimewahi kuona kijana aliyemeza vitamini kwa uaminifu kila asubuhi tumbo tupu na glasi ya maji, na damu yake ilisoma kama ambaye hajawahi kumeza. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Kwa vitamini D, daktari wake atampandishia dozi ya D3 kwa hatua na kumpima tena baada ya miezi mitatu hivi. Hiyo ikubali bila wasiwasi.

Yapo mambo ambayo hayangoji kliniki ya wiki hii, nenda hospitali siku hiyohiyo: akikohoa damu zaidi ya kijiko kidogo cha chai, akipata maumivu ya ghafla ya kifua upande mmoja na kushindwa kupumua, midomo ikibadilika rangi, au akiumwa kichwa sana huku anatapika na macho yanaona vibaya. Akivilia damu bila kugongwa, au akilalamika haoni vizuri gizani, mpigie daktari wake hata kama anajisikia mzima.

Siku ya kwenda, beba chupa ya ndugu yenu, kidonge chake cha vitamini, vimeng'enya, na chochote anachopaka au kumeza kwa ajili ya chunusi. Daktari ajumlishe vitamini A yote iliyomo, kwani mara nyingi iko katika bidhaa mbili au tatu bila mtu kujua.

Kisha omba jambo moja ambalo litakuwa gumu kwako. Toka nje ya chumba kwa dakika kumi, umwache binti na daktari wake. Katika umri huo wengi huacha vimeng'enya shuleni kwa kuona haya mbele ya wenzao, au huviacha kwa sababu wamegundua kwamba bila hivyo wanapungua uzito na wanapenda wanavyoonekana. Mbele ya mama atasema anameza vyote. Ukiwa nje, anaweza kusema ni vingapi, na daktari atakuwa na namba ya kuanzia.